Kulala banda Naivasha na familia: jinsi ya kupanga kutoka Nairobi

Majirani zangu hapa Umoja waliniomba niwapangie wikendi ya kulala kwenye banda, yaani nyumba ndogo ya kukodi kambini, kando ya ziwa: watu wazima sita, watoto watano, na nyanya anayeumwa magoti. Maswali waliyoniuliza ndiyo yale yale ninayoulizwa kila shule zikikaribia kufungwa, kwa hivyo nimeyaandika yote hapa.

Hatua ya 1: Mahali

Kama ni mara ya kwanza, nendeni Naivasha. Ni kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, matatu hazikosekani, na kambi zimepangana kando ya barabara ya Moi South Lake. Hell's Gate iko hapo hapo jirani, na ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Ziwa Nakuru ni pazuri sana, lakini bila gari lenu hamtafaidi kitu. Aberdare mimi naipenda kuliko zote. Mabanda ya KWS (shirika la serikali la wanyamapori) kule yako msituni kabisa, ila barabara za ndani ni za gari lenye nguvu, na baridi ile siwezi kumpeleka nyanya.

Hatua ya 2: Tarehe

Epukeni Aprili, Mei na Novemba kwa sababu ya mvua. Julai kuna baridi lakini kukavu.

Hatua ya 3: Banda lenyewe

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hivyo msiniharakishe.

Mtu huona picha ya nyumba ya mbao yenye baraza, analipa, kisha anafika saa moja usiku na watoto wana usingizi, anakuta magodoro mawili bila shuka na choo kiko mita mia moja gizani. Hajadanganywa na mtu. Hakuuliza tu. Banda moja lina jiko, vyombo, bafu na maji moto. Lingine, kwa bei inayokaribiana na hiyo, ni kuta nne na balbu. Picha haiwezi kukuambia tofauti hiyo.

Piga simu. Usitume ujumbe, kwa maana ujumbe hujibiwa "yes everything is there" na mazungumzo yanaishia hapo. Tena ukipokelewa na wa ofisini, omba kwa heshima uongee na anayesafisha mabanda au askari wa kambi. Huyo ndiye anayejua bomba lipi halitoi maji. Uliza vitanda ni vingapi na vya ukubwa gani, kwa sababu "banda la watu wanne" mara nyingi ni vitanda viwili. Uliza kama shuka, blanketi na taulo zipo. Uliza choo kiko ndani au nje, na kama ni nje, ni hatua ngapi na njia ina taa. Uliza maji moto ni ya stima, ya jua au ya kuni, maana ya kuni yana saa zake. Uliza gari linafika mlangoni au mtabeba mizigo. Kwa nyanya niliuliza pia ngazi: mabanda kadhaa ya ziwani yameinuliwa juu ya nguzo, na ngazi tano zinatosha kumfungia mtu mwenye magoti mabovu ndani siku nzima.

Uliza pia habari za muziki. Kambi nyingi za ziwani zina baa, na Jumamosi usiku spika haziulizi kama mtoto amelala. Omba banda lililo mbali na baa, hata kama litakuwa mbali na maji.

Sasa suala la maji yenyewe. Miaka ya karibuni maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa kupita kiasi. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha liliingia hadi kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto, na hadi leo utaona migunga iliyokauka imesimama ndani ya maji, mahali palipokuwa nchi kavu. Mstari wa ufuo unahama. Picha za zamani za kambi zinaweza kuonyesha nyasi ambazo sasa ni ziwa, na ua wa umeme wa kuzuia viboko huenda ulihamishwa, au ulimezwa na maji na haujarudishwa. Kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi, na nyasi za kambi ndizo tamu zaidi. Kwa hivyo mimi huuliza hivi, bila kuzunguka: "Dada, samahani, ule ua wa viboko uko wapi siku hizi, na banda letu liko upande gani?" Askari aliyenijibu safari hii alinieleza hadi mti ambao ua unapita. Jibu la namna hiyo ndilo unalotafuta. Ukiambiwa "hakuna shida, viboko hawasumbui", tafuta kambi nyingine.

Ukiridhika, omba yote yaandikwe kwenye ujumbe mmoja: tarehe, jina la banda, idadi ya vitanda, vilivyomo, na bei. Lipa kwa nambari ya biashara ya M-Pesa (till au paybill) inayotokea na jina la kambi. Nambari ya simu ya mtu binafsi sikubali hata kama ni mwenye kambi.

Hatua ya 4: Tiketi za mbuga

Lipieni kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, mkiwa nyumbani, langoni hawapokei noti. Bebeni vitambulisho.

Hatua ya 5: Chakula

Chemsheni githeri na maharagwe nyumbani, mgandishe, mkapashe tu kule. Mimi hubeba meko ya kilo sita hata pale ninapoambiwa jiko lipo, kwa kuwa gesi ya kambi hupenda kuisha chai ikiwa motoni. Viazi, karoti na kabeji nunueni Soko Mjinga mkipita Kimende. Maji yawekeni kwenye mitungi: chupa za plastiki za kutumia mara moja, sahani na vijiko vya aina hiyo vimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020. Na chakula kisilale barazani, nyani wataamka kabla yenu.

Hatua ya 6: Mkiwa kule

Boti ni asubuhi. Mchana upepo huamka na ziwa linachafuka. Jaketi la kuokoa maisha lifungwe vifungo vyote, na mtoto akikosa la saizi yake, abaki ufuoni na nyanya.

Usiku tembeeni na tochi. Mkiona kiboko nje ya ua, msisimame kati yake na maji hata kwa ajili ya picha.

Kwenye korongo la Hell's Gate msiingie bila kiongozi, na msiingie kabisa kama kuna wingu zito popote upande wa milimani. Mvua inaweza kunyesha mbali, nyinyi mko kwenye jua, kisha maji yakashuka kwa ghafla katikati ya kuta ambazo hakuna pa kupandia. Septemba 2019 watu saba walikufa hivyo. Kiongozi akisema leo hapana, ni hapana. Kodini baiskeli langoni mwendesheni tambarare ya juu, pundamilia wako kando ya barabara.

Hatua ya 7: Kurudi

Jumapili ondokeni kabla ya chakula cha mchana. Ikifika saa tisa, foleni ya kuingia Nairobi imeshaanza, na watoto walioshinda juani hawaivumilii.