Kufunga taima ya taa za nje: huo mweusi kwenye boksi si nyutro

Juzi niliitwa Chumbageni, hapa Tanga, kwa bibi mmoja ambaye LUKU yake, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inaisha mbio. Nimefika saa 4 asubuhi, jua kali, taa zote nne za ukuta wa nje zinawaka. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hizi taa wamezifungia saa, lakini saa yenyewe haijui usiku wala mchana."

Aliyeifunga alikuwa amepanga iwashe 12:30 na izime 11:30. Taima husoma saa 24. Kwake 12:30 ni saa 6 na nusu mchana, na 11:30 ni saa 5 na nusu asubuhi, kwa hiyo taa zilikuwa zinapumzika saa moja tu kwa siku. Taa nne za wati 9 zikiwaka hivyo hula karibu uniti 25 kwa mwezi. Zikiwaka usiku peke yake ni uniti 12 na ushee.

Nilipofungua taima nikakuta baya zaidi: waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, umefungwa kwenye alama ya N, pa nyutro, waya unaorudisha umeme ulikotoka. Kosa hili nalikuta mara kwa mara na linaniuma, maana ethi ikikatika, bodi la friji au pasi linaweza kushika umeme.

Sababu yake ni hii. Kwenye nyumba zetu nyingi boksi la swichi lina nyaya mbili tu za kazi: mwekundu unaoshusha moto, na mweusi unaorudisha moto kwenye taa. Mtu akiuona mweusi anasema ndiyo nyutro. Siyo. Ukiufunga kwenye N, taima inapata umeme kwa kupitia taa: kioo chake kinafifia, na taa ya LED inapepesa. Nyutro yenyewe haimo humo, iko darini, kwenye boksi la maungio; ndiyo maana wengine hukimbilia ethi.

Kwa bibi nilifanya hivi. Kwanza nilijaribu mita yangu ya kupimia umeme kwenye soketi yenye umeme, nikazima mein swichi, nikapima tena boksini mpaka nikaona sifuri. Testa ya bisibisi siiamini kwa kazi hii. Halafu nikavuta waya mpya wa nyutro wa milimita za mraba 1.5 kutoka darini kupitia paipu ileile ya swichi, nikaupachika utepe wa buluu mwanzo na mwisho ili atakayekuja baada yangu asibahatishe. Moto ukaingia L, nyutro N, mweusi wa zamani ukaenda kwenye tundu la kutokea taa. Ethi ikarudi kwenye boksi la chuma, mahali pake. Kila waya niliuvuta kidogo kwa mkono baada ya kukaza skrubu. Unaochomoka hapo ungekuja kuungua baadaye.

Kabla ya kununua, pima kina cha boksi. La milimita 25 halitoshi taima nyingi, nyaya zinabanwa nyuma. Tafuta la 35 au 47. Na chukua ya kidijitali yenye betri ndani. Nyingi kati ya zile za kuzunguka zenye vipini husimama umeme ukikatika, ukirudi zinaendelea pale zilipolala, na taa zinachelewa kwa muda uleule.

Kuhusu saa: saa 12 na nusu jioni ongeza 6, unapata 18:30. Saa 12 asubuhi toa 6, unapata 06:00. Chagua siku zote saba, kisha acha kwenye AUTO, iwashe na kuzima yenyewe. Huku kwetu jua huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo 18:30 haina haja ya kubadilishwa kila msimu.

Kama hujawahi kushika nyaya za nyumba, ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwambie mapema kwamba unataka nyutro ivutwe. Akikwambia ethi itatosha, mwite mwingine.

Nilipomaliza niliacha umeme uichaji betri kwa saa kadhaa, nikazima mein swichi dakika kumi, nikawasha. Saa ilikuwa inakwenda sawasawa na ya ukutani kwa bibi.