Nepi za kitambaa badala ya pampasi: ninavyozifua hapa Kigoma zisinuke

Mdogo wangu alijifungua mwezi wa tano. Mwezi wa saba nilipokwenda kwake Katubuka, shimo la taka nyuma ya nyumba lilikuwa limejaa pampasi, na mbwa walikuwa wameshazifumua hadi kwa jirani. Mtoto mchanga akibadilishwa mara sita kwa siku, kwa mwezi ni pampasi 180. Ukizichoma zinafuka moshi mzito na katikati zinabaki mbichi. Ukizitupa chooni zinavimba, shimo linajaa kabla ya wakati, na gari la kunyonya likija linashindwa kuzivuta.

Nikampelekea nepi zangu za zamani, akazitumia wiki tano, kisha akanipigia simu: "Dada, nimeshindwa. Zinanuka mkojo hata nikiziondoa kwenye kamba." Nilimwelewa mara moja, maana jambo hilohilo lilinitesa kwa mwanangu wa kwanza. Nimeandika utaratibu wote hapa, na hatua ya nne ndiyo isomeni polepole.

Hatua ya 1: Kupata vitambaa

Unahitaji nepi 24. Nane zinatumika leo, nane ziko kwenye kamba, nane ziko kabatini. Kata vipande vya mraba vya sentimita 60 kila upande, umpe fundi cherehani apinde kingo.

Mimi natumia aina mbili pamoja: kanga kuukuu inayogusa ngozi ya mtoto, na taulo la mtumba juu yake. Kanga mpya haifai, ina wanga wa dukani na maji yanateleza juu yake; inayofaa ni ile iliyofuliwa miaka hadi ikalainika. Kitenge kizito chenye kung'aa usihangaike nacho kabisa. Taulo la mtumba naliona bora kuliko nepi mpya za dukani, kwa sababu limeshafuliwa mara nyingi na linanyonya tangu siku ya kwanza. Hakikisha tu ni pamba. Mwombe muuzaji akuchomolee uzi mmoja, uuwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Ongeza pini sita za nepi na chupi nne za plastiki za kuvalisha juu.

Hatua ya 2: Kumfunga mtoto

Kukunja pembetatu, mama yeyote wa mtaani atakuonyesha kwa dakika moja. Pini ikigoma kupita, ichomeke kwanza kwenye kipande cha sabuni ya mche. Usiku weka taulo mbili.

Hatua ya 3: Nepi chafu

Kinyesi kinaishia chooni kabla nepi haijaingia kwenye ndoo. Usiende kusuuzia ziwani wala kwenye mfereji wa mtaa. Watu wanachota maji huko na watoto wanaogelea. Tumia ndoo kavu yenye mfuniko. Najua mama zetu walituzoesha kuloweka, lakini kwa joto la hapa nepi iliyolowekwa kutwa nzima inaoza, na ndoo ya maji iliyoachwa wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Fua kila siku, ukichelewa sana siku ya pili.

Hatua ya 4: Kufua

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye pampasi.

Mwanangu alipofika miezi mitatu, nepi zangu zilianza kuvujisha pembeni na kutoa ule ukali unaochoma pua. Nikaongeza sabuni, zikazidi kunuka. Nikatia dawa ya kulainisha nguo, zikaacha kunyonya kabisa. Jumamosi moja nilishinda uani na mabeseni matatu, nafua, nanusa, nafua tena. Jioni nikachukua nepi iliyokwisha kufuliwa na kukauka, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto matupu na kuikoroga. Povu likapanda. Kwenye beseni sikuwa nimetia hata chembe ya sabuni. Povu lote lilitoka ndani ya nepi.

Maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina madini mengi, hasa magnesiamu na kalsiamu. Sabuni ya mche, ikiwemo hii yetu ya mawese, ikikutana na madini hayo haitoi povu upesi. Sehemu yake inageuka utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi za kitambaa. Wewe ukiona povu hakuna unaongeza sabuni, na utando unakuwa mnene. Mkojo unabaki umejificha humo, vijidudu vinaugeuza amonia, na harufu inarudi kila nepi inapolowa. Kwa hiyo nepi inayonuka mara nyingi imezidiwa sabuni.

Kipimo ni hiki: dondosha matone ya maji kwenye nepi kavu. Yakizama papo hapo, iko sawa. Yakikaa juu kama shanga, ina utando.

Ufuaji wangu wa kila siku: suuza kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto yanagandisha doa la kinyesi. Mwaga maji hayo chooni. Kisha fua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa nepi nane, basi. Sabuni ya mawese ninaipenda kwa vyombo na nguo nyingine, ila kwa nepi nimeiacha. Suuza mara tatu. Maji ya mwisho yawe hayana povu wala utelezi. Yakiwa bado yana povu, suuza ya nne. Masika nakinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya suuza ya mwisho, kwa sababu hayana madini na yanaondoa sabuni vizuri kuliko ya bomba.

Kama zimeshaharibika, usizitupe. Zichemshe dakika 15 bila sabuni, kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, ukikoroga kwa mti. Mwaga, chemsha tena kwa maji mapya, hadi povu liishe. Za mdogo wangu zilichukua michemsho minne. Tulitumia moto uliobaki baada ya kuivisha maharage, kwa hiyo mkaa haukuongezeka sana. Chupi za plastiki usichemshe, zitajikunja.

Jiki usiimwage kamwe kwenye nepi zenye mkojo. Ikikutana na amonia inatoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu, na wewe umeiinamia. Dawa ya kulainisha nguo iache. Mafuta ya mgando nayo yanaziba kitambaa. Ukimpaka mtoto, tandika kwanza kipande chembamba cha kanga utakachokifua peke yake. Na mtoto akiwa na vipele visivyopungua kwa siku mbili tatu, au vyenye usaha, mpeleke zahanati badala ya kuendelea kubadilisha sabuni.

Hatua ya 5: Kuanika na kupiga pasi

Anika juani, si kivulini. Jua linafuta madoa yaliyobaki na kuua vijidudu. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, zinakauka kwa saa chache.

Masika ni habari nyingine. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, na funza wake wanaingia kwenye ngozi na kutoa uvimbe kama jipu. Kipindi hicho kila nepi inapita kwenye pasi ya moto, pande zote mbili, hasa kwenye pindo ambako unyevu unakaa.

Hatua ya 6: Safarini

Kwa safari fupi, ya Kasulu kwa mfano, nabeba nepi sita na kindoo chenye mfuniko kwa zilizochafuka. Mtoto akiwa anaharisha, au safari ni ya siku nzima kwenye basi, namvalisha pampasi bila kujilaumu. Tangu mwezi wa tisa mdogo wangu hajanunua zaidi ya pakiti mbili ndogo, zote za safari.

Zikichakaa hadi mwanga unapita, kata vipande vya kufutia jiko.