Jinsi chama chenu kidogo kinavyoweza kupeleka ripoti mpaka Geneva

Kama chama chenu cha watu wenye ulemavu kipo Kigoma au Kwale huko na mnadhani mambo ya Umoja wa Mataifa ni ya watu wa suti, someni hii. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu 2008, Tanzania 2009, na nchi ikisharidhia inatakiwa ipeleke ripoti kwa Kamati ya wataalamu 18 inayokutana Geneva, ya kwanza ndani ya miaka 2 halafu angalau kila baada ya miaka 4 (wengi wanachelewa, tusidanganyane). Sasa mnajua serikali ikijiandikia ripoti yenyewe inakuwaje, kila kitu kinaenda vizuri tu! Ndo maana kamati inapokea pia ripoti mbadala kutoka kwenye vyama.

Anzeni na ushahidi, barua ya malalamiko iacheni kwanza. Kwa Tanzania nendeni halmashauri mkaulize ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya mikopo ya watu wenye ulemavu mwaka jana ilitoka shilingi ngapi na vikundi vingapi vilipata, ombeni kwa maandishi mtunze nakala, na hata wakikaa kimya huo ukimya nao ni ushahidi, andikeni tarehe mliyoomba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, haya, ulizieni viwanda vya hapo mtaani. Hizo zote zinaingia Ibara ya 27 ya Mkataba, kazi na ajira. Shule isiyo na mkalimani wa lugha ya alama ni Ibara ya 24, zahanati yenye ngazi tupu ni Ibara ya 9. Kila tukio na ibara yake, vinginevyo mtaalamu wa Geneva hana pa kulishikia.

Halafu msiandike peke yenu. Viziwi, wasioona, wenye ualbino, wenye ulemavu wa akili, wote mezani, na muwe chini ya shirikisho la nchi, SHIVYAWATA kwa Tanzania au UDPK kwa Kenya, maana ripoti 1 ya pamoja inasomwa kuliko vipande kumi vinavyopingana. International Disability Alliance, muungano wa kimataifa wa vyama vya watu wenye ulemavu, wanasaidia vyama kuandaa hizi ripoti, waandikieni mapema. Mfadhili akitaka kuwaandikia yeye mkataeni kwa adabu, alipie mkalimani na nukta nundu (maandishi ya wasioona) inatosha.

Kuna mlango mwingine wa kupeleka kesi ya mtu binafsi kwenye kamati hiyo, ila nchi lazima iwe imeridhia Itifaki ya Hiari (nyongeza ya Mkataba inayoruhusu kesi hizo) na mahakama za nyumbani muwe mmeshazimaliza, labda kama zinachelewesha kupita kiasi. Tanzania iliridhia, na 2017 kamati iliamua kwamba haki za mwanaume mwenye ualbino aliyekatwa mkono zilivunjwa.

Mapendekezo ya kamati yakitoka yanakuwa marefu na ya Kiingereza. Chagueni matatu yanayowagusa, yatafsirini, rekodini na sauti mtume wosapu, kisha mpelekeeni diwani kabla bajeti haijapitishwa, na mwambieni awaandikie jibu.