Jinsi ya Kumchagulia Mzee Printa ya Nyumbani ya Bei Nafuu Isiyomsumbua: Hatua kwa Hatua

Wazee wengi ninaowahudumia hawachapi kila siku. Wiki mbili au tatu hupita bila karatasi hata moja kutoka, kisha ghafla kunatakiwa kopi ya kitambulisho cha taifa kwa ajili ya benki, nakala ya barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), majibu ya hospitali yaliyotumwa kwa WhatsApp au ratiba ya mazishi ya ndugu, na vyote hivyo vinatakiwa siku hiyo hiyo. Hapo ndipo printa nyingi za bei rahisi zinapowaangusha, kwa sababu wino umekauka zikiwa zimekaa tu. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza printa mjini Kampala, na mwongozo huu umejengwa juu ya swali ambalo wauzaji hawaliulizi: je, mashine hii ikikaa mwezi mzima bila kuguswa, itachapa vizuri siku itakapowashwa?

Hatua ya 1: Tazama karatasi za mzee kabla ya kwenda dukani

Mwombe mzee akuonyeshe karatasi alizopeleka kwenye duka la fotokopi miezi ya karibuni, kwa maana karatasi zenyewe zitakueleza mengi kuliko maelezo ya mdomo. Ikiwa nyingi ni kopi za kitu kilichopo tayari, kama kitambulisho, hati ya ardhi, risiti za SACCO au kadi ya kliniki, basi anahitaji mashine yenye kioo cha kuskani juu yake, inayotoa kopi bila kompyuta wala simu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chenye faida kubwa kuliko vyote kwa mtu mwenye umri mkubwa, kwa kuwa anafunua kifuniko, analaza karatasi, anabonyeza kitufe kimoja na kazi imekwisha. Baadhi ya mashine, kwa mfano HP Laser MFP 135, zina kitufe maalumu cha kitambulisho kinachoweka pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja, jambo linalomwondolea mzee kazi ya kurudisha karatasi ndani kwa upande wa pili.

Angalia pia kama kuna picha za rangi. Wengi husema wanataka rangi, lakini karatasi zao zote ni nyeusi na nyeupe. Na ikiwa duka la fotokopi lipo hatua chache kutoka mlangoni, mzee anatembea vizuri na karatasi zake ni chache kwa mwaka, usimnunulie printa. Fedha hiyo itumike kwa hitaji jingine.

Hatua ya 2: Chunguza umeme wa nyumba atakayokaa nayo

Printa ya leza huyeyusha unga wa tona kwa joto ili ushike kwenye karatasi, na wakati inapasha joto hilo huvuta wati mia kadhaa, hata kukaribia elfu moja kwa muda mfupi. Printa ya wino wa maji hutumia wati 10 hadi 20 hivi inapochapa. Kwa hiyo nyumba ya kijijini inayotegemea sola na inveta ndogo haifai kwa leza, hata ikiwa leza hiyo imepatikana kwa bei nzuri kiasi gani. Vilevile usiichomeke leza kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta, kwani mvuto huo wa ghafla huizidi nguvu.

Ukinunua mashine iliyotumika, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 240. Baadhi ya mashine zilizotumika zilitengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni takriban volti 120, na leza ya aina hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Uganda huungua. Kibandiko kinapaswa kuonyesha 220–240V, au kuanzia 100 hadi 240V.

Hatua ya 3: Chagua aina, kwa kuwa hapa ndipo fedha zinapookolewa au kupotea

Zipo aina tatu madukani. Ya kwanza ni printa ya wino yenye katriji (kikasha cha wino) ndogo, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote siku ya kununua na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Kichwa chake kinapitisha wino katika matundu membamba kuliko unywele; wino huo una maji mengi, na mashine ikikaa bila kazi maji huvukiza, matundu yakaziba. Mzee akiagiza mashine ijisafishe, inasukuma wino kupitia matundu hayo na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani, hivyo katriji inaweza kumalizika kabla hajachapa barua yake ya kwanza.

Ya pili ni printa ya matangi, ambayo wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa. Epson L3210 na L3250, kwa mfano, hutumia chupa za namba 103: ile nyeusi ina mililita 65 na kampuni inaikadiria kutoa kurasa 4,500 hivi. Gharama ya kila ukurasa ni ndogo sana, mashine inatoa kopi kwa kitufe, na rangi ipo kwa anayetaka picha za wajukuu. Hata hivyo wino wake nao hukauka. Aina hii inafaa pale tu ambapo kuna mtu nyumbani atakayechapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hakuna kazi. Mjukuu wa shule anaweza kupewa jukumu hilo na akalifurahia.

Ya tatu ni leza nyeusi na nyeupe. Tona ni unga mkavu, na unga mkavu hauna maji ya kukauka. Mashine inaweza kukaa kuanzia Krismasi hadi Pasaka na ikachapa ukurasa wa kwanza ukiwa safi. Maandishi yake ni meusi na makali, hayasambai yakipata tone la maji, na jicho lililochoka huyasoma kwa urahisi. Kwa mzee anayekaa peke yake, mwenye umeme wa kawaida na asiyehitaji rangi, mimi huchagua leza yenye kioo cha kopi bila kusita, ingawa bei yake ya kununulia iko juu. Anayetaka kuchapa tu bila kopi anaweza kuchukua leza ndogo kama Canon LBP6030, lakini ajue kwamba tona inayokuja ndani ya boksi inakadiriwa kurasa 700 tu, wakati ile ya kununua, namba 725, inakadiriwa 1,600.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukurasa mmoja

Muulize muuzaji bei ya tona au chupa kabla ya kuuliza bei ya mashine, kisha igawanye kwa idadi ya kurasa. Tuseme tona ni shilingi 160,000 na inatoa kurasa 1,600: kila ukurasa unagharimu shilingi 100, mbali na karatasi. Kumbuka kwamba idadi hiyo ya kurasa hupimwa kwa maandishi yanayofunika takriban asilimia 5 ya karatasi, kwa hiyo kopi za vitambulisho zenye kivuli cheusi hula tona zaidi. Hakikisha pia kwamba tona hiyo inapatikana mji ulio karibu na mzee, uwe Mbarara, Gulu, Arua au Mbale, na si Kampala peke yake.

Hatua ya 5: Soma herufi zilizo mwishoni mwa jina

Wanunuzi wengi hupita juu ya herufi hizi ilhali zina uzito. Kwa printa za HP, 107a haina Wi-Fi na 107w inayo. Baadhi ya modeli zenye herufi “e” mwishoni zimefungwa kwenye mpango uitwao HP+, ambao hudai akaunti, intaneti wakati wote na katriji halisi za kampuni kwa maisha yote ya mashine. Mzee anayenunua bando la siku mojamoja asipewe mashine ya namna hiyo. Kwa upande wa Epson, L3210 hutumia waya wa USB tu, na L3250 ina Wi-Fi.

Hatua ya 6: Nenda naye dukani, na umwache aguse

Ikiwa mzee anaweza kusafiri, nenda naye. Mwambie: “Mzee, tafadhali toa karatasi hizi, kisha uzirudishe mwenyewe.” Halafu nyamaza na utazame vidole vyake. Je, anaweza kusogeza vile vibano viwili vya plastiki hadi viguse kingo za karatasi bila kuzikunja? Je, trei iko chini kiasi cha kumlazimu apige magoti? Je, anaona alama iliyo juu ya kitufe cha kopi bila kubadilisha miwani? Vitufe halisi vinavyobonyea humfaa kuliko kioo cha kugusa, kwa kuwa kidole kikavu au kinachotetemeka mara nyingi hakisomwi na kioo. Asiyeweza kufika apelekewe video ya mashine yenyewe, lakini uamuzi wa vitufe aufanye yeye.

Kabla ya kulipa, omba ichapwe kurasa mbili, kisha dai risiti yenye namba ya mashine pamoja na maelezo ya waranti.

Hatua ya 7: Safirisha na uifunge kwa utaratibu

Printa ya matangi isijazwe wino Kampala kisha ikapandishwa boda boda au kulazwa ubavu kwenye buti ya basi, kwa sababu wino utavuja ndani. Isafirishwe na chupa zake zikiwa zimefungwa, ijazwe nyumbani kwa mzee. Ujazaji wa mara ya kwanza huchukua dakika kama kumi, na umeme haupaswi kukatika katikati, hivyo hakikisha kwanza kwamba Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha.

Iweke juu ya meza imara inayofika kiunoni, mbali na dirisha la vumbi na jiko. Ifunike kwa kitambaa inapopumzika, hasa ile yenye trei iliyo wazi kwa nyuma, maana mende na mijusi hupenda kuingia humo, nami nimewatoa ndani ya mashine mara nyingi. Karatasi zibaki ndani ya mfuko wake wa rimu, kwani zikivuta unyevu wakati wa mvua hujikunja na kukwama. Kifaa cha kulinda umeme, kama kile kinachofungwa kwenye friji, ni matumizi mazuri ya fedha.

Ikiwa atachapa kutoka kwenye simu, unganisha simu yake kabla hujaondoka. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina huduma ya kuchapa ndani yake. Kwa iPhone tafuta neno AirPrint kwenye boksi. Nyumba isiyo na ruta inaweza kutumia Wi-Fi Direct, ambayo huunganisha simu na printa moja kwa moja bila kula bando.

Hatua ya 8: Mfundishe kazi moja, na umwandikie

Siku ya kwanza fundisha kopi tu. Mwache arudie mwenyewe hadi asikuulize tena, na kuchapa kutoka kwenye simu kungoje siku nyingine. Bandika kibandiko cha kijani kwenye kitufe cha kuwasha na cha manjano kwenye kitufe cha kopi, kisha andika hatua kwenye karatasi kwa herufi kubwa, katika lugha anayoisoma kwa raha, na uibandike ukutani juu ya mashine.

Jambo moja msisitizie mwenye printa ya wino: azime kwa kitufe cha mashine, asubiri taa izimike, ndipo azime soketi ukutani. Kitufe kinapobonyezwa, kichwa cha wino hurudi pembeni na kufunikwa kwa kifuniko cha mpira kinachozuia kukauka. Anayekata umeme ukutani mashine ikiwa bado inafanya kazi, kama wengi wafanyavyo ili kuokoa Yaka, anaweza kukiacha kichwa wazi hewani. Mashine nyingi za wino ninazoletewa zimeziba kwa sababu hii, zikiwa bado mpya.

Mwachie tona au chupa moja ya akiba ikiwa haijafunguliwa, na nyuma ya karatasi ya ukutani uandike namba ya tona hiyo, jina kamili la mashine na simu ya fundi aliye karibu, ili yeyote atakayetumwa mjini ajue cha kuomba.