Somo: Rožata ya Dubrovnik, pudini ya karameli yenye harufu ya waridi

Rožata ni pudini ya mayai ya Dubrovnik, kusini kabisa mwa pwani ya Kroatia. Aliyezoea pudini ya karameli ataitambua kwa macho, ila harufu itamshangaza: hutiwa rozulin, pombe tamu itengenezwayo kwa petali za waridi. Haina unga wa kastadi wala jelatini. Kinachoigandisha ni mayai peke yake, kwa hiyo kazi yote ni kuchunga moto.

Mahitaji (vikombe 6 vya kuokea vya ml 180)

Karameli: sukari g 120, maji vijiko vikubwa 3.

Kastadi: maziwa yasiyoondolewa mafuta ml 500, mayai mazima 4 na viini 2, sukari g 80, rozulin vijiko vikubwa 2, ganda la limau moja, vanila kidogo, chumvi chembe tu.

1. Karameli. Tumia sufuria nyeupe kwa ndani, kwani kwenye nyeusi huwezi kuona rangi. Weka sukari na maji kwenye moto wa wastani. Ikianza kuchemka usiikoroge, zungusha sufuria tu. Mwiko hurusha sukari pembeni, ikikauka huko na kurudi ndani, karameli yote hugeuka punje. Unatafuta rangi ya kaharabu, yaani kahawia ya dhahabu. Ikibaki njano ni utamu mtupu, na ikianza kutoa moshi ni chungu, uchungu usioondoka hata ukiongeza sukari. Ipua ikiwa imekaribia rangi, maana joto la sufuria linaendelea kuipika. Mimina vikombeni papo hapo na uviinamishe ienee chini. Watoto wakae mbali, karameli inaunguza kuliko maji yanayochemka. Ikiganda na kupasukapasuka, hilo ni jambo la kawaida.

2. Maziwa. Menya ganda la limau, sehemu ya njano tu. Nyeupe ni chungu. Pasha maziwa pamoja na ganda mpaka yatoe mvuke, yasichemke. Funika dakika 10.

3. Mayai. Changanya mayai, viini, sukari na chumvi kwa mchapo wa mkono, taratibu, bila kupiga povu. Mimina maziwa ya moto kidogokidogo huku ukikoroga. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, mayai yataiva palepale. Chuja, tia vanila na rozulin, acha dakika chache, kisha engua povu.

4. Kuoka. Tandika kitambaa chini ya trei ya kina ili vikombe visiguse chuma. Panga vikombe, vijaze, funika kwa foili, kisha mimina maji ya moto kwenye trei hadi nusu ya kimo cha vikombe. Oveni nyuzi 150, dakika 30 hadi 40. Anza kuangalia mapema: tikisa kikombe, pembeni pawe pameshika na katikati pacheze kidogo. Ukisubiri katikati pakauke, umechelewa. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi 78 hadi 80 katikati zinatosha.

5. Kupumzisha. Vitoe vikombe majini. Vikipoa, viweke kwenye friji usiku kucha. Wakati wa kuandaa, pitisha kisu chembamba pembeni, chovya kitako kwenye maji ya moto sekunde 10, kisha geuza kwenye sahani yenye kingo.

Maswali

*Mpishi, sina oveni, nina jiko la mkaa tu.*
Inawezekana. Tandika kitambaa chini ya sufuria pana, maji nusu ya kimo cha vikombe, foili juu ya kila kikombe. Mfuniko uuzungushie kitambaa kikavu ili matone yasidondoke. Punguza mkaa: maji yatetemeke tu, yasitokote. Angalia kuanzia dakika 20.

*Yangu imejaa matundu na inatoa maji. Kwa nini?*
Moto ulizidi. Yai likipita joto lake hukaza na kukamua maji lililoyashika. Maji ya trei yakichemka, matokeo ni hayohayo. Ushushe moto nyuzi 10. Vitundu vichache vya upande wa juu tu vinatokana na povu usiloliengua.

*Dada, kwetu hatutumii pombe.*
Tia maji ya waridi ya kupikia, vijiko viwili vya chai, si vikubwa. Nguvu zake hutofautiana chupa kwa chupa, anza na kimoja unuse. Marashi ya kujipaka si ya kula, hata yakiwa ya waridi.

*Karameli imebaki ngumu chini ya kikombe.*
Uliigeuza mapema. Sukari ile huyeyuka kwa kuvuta unyevu wa kastadi, na hilo huchukua saa 8 au zaidi. Kitabaki kidogo hata hivyo. Loweka kikombe kwenye maji ya moto, usikwangue.

*Naweza kutumia tui la nazi?*
Itaganda, maana kazi ni ya mayai, lakini nazi itafunika waridi.

*Inakaa siku ngapi?*
Kwenye friji, ndani ya kikombe chake na imefunikwa, siku 3. Usiigandishe kwenye friza, ikiyeyuka itatengana na maji.