Kabla hujalipia meza: hesabu ya gharama na faida kwenye maonyesho ya sarafu Marekani

Ninauza sarafu kwenye maonyesho ya hapa Marekani. Mengi ni ya siku moja, kwenye kumbi za zimamoto, za makanisa na za hoteli za pembezoni mwa mji. Mara moja moja naenda yale makubwa yanayojaza ukumbi mzima wa mikutano. Ndugu zetu wanaoishi huku wananiuliza swali lile lile: hii biashara inalipa? Inalipa, ila si kwa njia anayoidhania mtu anayepita mbele ya meza. Yeye Yeye anaona kabati la kioo limejaa sarafu za dola za madini ya fedha, anaona watu wanatoa noti, anaamini faida iko kwenye kuuza. Mimi naamini faida iko kwenye kununua, na kwamba meza unailipia hasa ili watu wakuletee sarafu. Nitaeleza hesabu yenyewe kama ninavyoifanya kabla sijatuma pesa ya meza. Tarakimu ni za mfano. Weka za kwako.

Hatua ya 1: Andika gharama zote, hata zisizo na risiti

Chukua maonyesho ya siku moja, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Meza dola 75. Petroli na barabara za kulipia dola 45. Chakula 20. Vishikio vya kadibodi vya kuwekea sarafu, mifuko na lebo 15. Bima ya bidhaa, ukiigawa kwa idadi ya maonyesho unayokwenda kwa mwaka, tuseme 25. Jumla ni dola 180.

Wengi wanaishia hapo, na ndiyo maana wanarudi nyumbani wakisema wamepata wakati hawajapata. Kuna kupakia, kuendesha gari, kupanga, kukaa mezani, kufunga na kupakua. Zihesabu kuwa saa 12. Ukijilipa dola 20 kwa saa, hiyo ni 240. Sasa gharama ya siku ni dola 420.

Maonyesho makubwa ni dunia nyingine. Yako ya FUN, chama cha wakusanyaji sarafu wa Florida, kila Januari huko huko Florida, na yapo yanayoandaliwa na American Numismatic Association, chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani kilichoanzishwa 1891, ambayo huhama mji. Kwa siku nne weka meza 700, hoteli 720, safari 400, chakula 160, maegesho 80, bima 60: jumla 2,120. Ongeza ujira wako wa siku nne kwa 240, yaani 960. Umefika dola 3,080 hujauza hata senti moja.

Hatua ya 2: Gawanya kwa kiwango cha faida

Tuseme katika kila dola 100 unazouza, 20 ndiyo faida baada ya kutoa bei uliyonunulia. Gawanya gharama kwa 0.20. Kwa 420 unahitaji mauzo ya dola 2,100 ili tu siku ijilipe. Kwa 3,080 unahitaji 15,400. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi, iweke mbele yako, kisha jiulize swali moja: bidhaa niliyo nayo inaweza kufikisha mauzo hayo kwa siku hizo? Kama huna bidhaa ya dola 40,000 au 50,000, sikushauri kukodi meza kwenye maonyesho makubwa. Nenda kama mnunuzi, lipa kiingilio, tembea.

Kumbuka pia makato ya kadi. Ukikatwa asilimia 3, katika mauzo ya dola 100 zinaondoka dola 3, na zinatoka kwenye zile 20 zako, si kwenye pesa ya mtaji. Kwa hiyo mteja wa fedha taslimu mpe punguzo bila kinyongo.

Hatua ya 3: Jua kila aina ya bidhaa inakupa nini

Ile asilimia 20 ni wastani, na ndani yake kuna vitu visivyofanana hata kidogo.

Anza na madini. Dime (sarafu za senti 10), robo dola na nusu dola za Marekani za kabla ya 1965 zina fedha asilimia 90. Wafanyabiashara wanahesabu kwamba kila dola moja ya thamani iliyoandikwa kwenye sarafu zilizotumika ina aunsi 0.715 za fedha. Aunsi ikiwa dola 30, mfuko wa dola 100 za thamani iliyoandikwa una madini ya dola 2,145. Ukinunua kwa asilimia 95 unatoa 2,038. Ukiuza kwa asilimia 98 unapokea 2,102. Faida ni dola 64. Ili kufidia ile 420 kwa bidhaa hii peke yake ungehitaji mifuko karibu saba, mtaji wa zaidi ya dola 14,000, na bei ya dunia isishuke kabla hujauza. Mimi huiweka mezani kwa sababu inavuta watu na inageuka pesa upesi, lakini siitegemei.

Katikati kuna sarafu za kukusanya zenye bei inayojulikana, kama dola za Morgan zilizotolewa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Wauzaji wakubwa wanaziuziana kwa kufuata orodha ya bei ya jumla, Greysheet, iliyoanza 1963, na wewe ukinunua kwa mfanyabiashara mwenzako huwezi kuikwepa. Zilizopimwa daraja la ubora na kufungwa kwenye kasha la plastiki na kampuni ya PCGS (iliyoanza 1986) au NGC (1987) zinauzika kwa urahisi, ila ada ya kupima na kutuma inakula faida. Usipeleke sarafu ambayo kupanda daraja moja hakubadilishi bei yake.

Chini kabisa liko boksi la kuchagulia, na hili nalipenda kuliko yote. Sarafu za nchi za nje hununuliwa kwa uzito. Ratili moja ni gramu 453.6, sarafu ya wastani ikiwa gramu 5, unapata kama 90. Ukinunua ratili kwa dola 10, kila moja imekugharimu senti 11. Uza nne kwa dola, yaani senti 25 kila moja, na zaidi ya nusu ya pesa inabaki kwako. Watu watainama juu ya boksi hilo kama wanawake kwenye mtumba wa asubuhi, na wakiwa wameinama wanatazama kabati lako pia.

Humo humo kwenye boksi, la kwako na hasa la wenzako, ndimo mzungumzaji wa Kiswahili anapata nafasi ambayo wengine hawana. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ya 1921 hadi 1946, ina fedha robo: gramu 7.78, ndani yake gramu 1.94 za fedha safi. Aunsi ikiwa dola 30, madini peke yake yana thamani ya karibu dola 1.88, na nimeiona mara nyingi kwenye boksi la senti 25 kwa sababu muuzaji hakujua. Za 1948 kuendelea hazina fedha. Tazama mwaka kwanza. Senti 10 yenye tundu ya 1936 ina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo. Uingereza yenyewe haikuwahi kuweka sarafu za mfalme huyo kwenye mzunguko, kwa hiyo wakusanyaji wa wafalme wa Uingereza wanaitafuta. Si adimu na haitakutajirisha, lakini iandikie maelezo mafupi kwenye kishikio na itatoka kwa dola kadhaa badala ya senti 25.

Kisha kuna pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Muuzaji wa hapa anaitupa kwenye rundo la "Kiarabu". Aliyesoma chuo cha Kurani akiwa mtoto anaisoma papo hapo. Na heller, sarafu ndogo za Wajerumani walipotawala Afrika Mashariki: ile ya 20 ya mwaka 1916, yenye herufi T ya Tabora, ilitengenezwa wakati wa vita kwa shaba nyekundu au shaba ya njano katika karakana ya reli. Ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ni gramu 7.17, ukiletewa, ipime, angalia ukingo kama iliwahi kuvaliwa kama kidani, na usikubali kuharakishwa.

Hatua ya 4: Panga meza ili watu wakuuzie

Weka bango lililo wazi: NANUNUA. Acha kiti upande wa mteja, mizani na lenzi zikiwa juu ya meza ili aone unachofanya. Beba fedha taslimu ya kununulia, tenga na ya chenji. Mjane anayeleta mkebe wa marehemu mumewe hajui bei, na wewe unajua. Mweleze kila kitu ni nini na utampa kiasi gani, kimoja kimoja. Bei yako ikiwa ya haki atarudi, na ataleta dada yake. Manunuzi ya namna hii ndiyo yanayopandisha wastani wako kutoka asilimia 10 hadi 25 au 30.

Kila dola ya Morgan ipime: gramu 26.73. Bandia ni nyingi mno. Sheria ya 1973 inataka nakala iandikwe COPY, ila anayeghushi haandiki.

Hatua ya 5: Fika mapema, uza kwa wenzako

Saa za kupanga meza kabla milango haijafunguliwa ni saa za biashara. Kwenye maonyesho makubwa, sehemu kubwa ya pesa inapita kati ya meza na meza kabla mteja wa kwanza hajaingia. Faida ni ndogo, lakini mtaji unarudi upesi na unanunua tena siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Usalama na kodi

Jaza tenki kabla ya kufika. Ukimaliza, nenda moja kwa moja nyumbani. Usisimame kula, usiache gari lenye bidhaa hata dakika mbili. Wezi huwafuata wauzaji kutoka ukumbini. Bima ya nyumba kwa kawaida hailipi bidhaa za biashara, na bima nyingi za bidhaa hazilipi kilichoibwa kwenye gari lisilo na mtu. Soma mkataba.

Kodi ya mauzo hutofautiana jimbo kwa jimbo, na mengine husamehe sarafu kwa masharti. Muulize mwandaaji na idara ya kodi ya jimbo. Ukipokea zaidi ya dola 10,000 taslimu katika muamala mmoja au miamala inayohusiana, unajaza fomu 8300 ya IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, ndani ya siku 15. Usimsaidie mtu kuigawanya ili ikwepe fomu. Ni kosa la jinai.

Hatua ya 7: Funga hesabu usiku huo huo

Daftari moja, safu nne: mauzo, bei ya manunuzi ya vilivyouzwa, gharama za siku, na ulichonunua. Safu ya nne iache wazi, kwa sababu faida ya maonyesho ya leo mara nyingi inaonekana baada ya wiki sita, ule mkebe utakapokwisha kuuzwa. Ndiyo maana sihukumu maonyesho kwa siku moja. Nayapa matatu, halafu nalinganisha jumla na ile tarakimu ya hatua ya 2. Kama yanapita, nalipia meza ya mwakani kabla sijatoka ukumbini, kwa sababu waandaaji wengi humwachia muuzaji wa kudumu nafasi yake ile ile, na nafasi iliyo karibu na mlango ndiyo wenye mikebe wanaianza.