Kutafuta visukuku vya krinoidi: anza na pingili

Kama umewahi kumenya muwa, tayari unajua shina la krinoidi lilivyo: pingili juu ya pingili, toka chini hadi juu. Ila pingili hizi ni za mawe, nyingi ni ndogo kuliko kifungo cha shati, na katikati zina tundu kama ushanga. Ndizo utakazookota kwanza, na ndizo utakazookota zaidi ya kitu kingine chochote.

Krinoidi mwenyewe ni mnyama wa baharini, ingawa ukimwona mzima kwenye mwamba utaapa kuwa ni ua. Alijishikiza chini kwa kitu kama mizizi, akasimama juu ya shina lake, na kileleni alikuwa na mikono ya kukingia chakula kilichokuja na maji. Ni ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Ukoo wake haujaisha: hata leo, kwenye matumbawe ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, wapo krinoidi wasio na shina, wenye mikono kama manyoya.

Naishi Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, na nimekuwa nikiwatafuta wanyama hawa kwa miaka minane. Nawaandikia hasa wenzangu tulio Ohio, Indiana na Kentucky, kwa kuwa wengi wetu tunakanyaga visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kila siku bila kujua. Miaka milioni 450 hivi iliyopita, katika kipindi cha Ordovisia, eneo hili lilikuwa kusini ya ikweta, chini ya bahari ya kina kifupi yenye maji ya uvuguvugu. Tope la bahari hiyo ndilo mwamba tunaouona leo kingoni mwa barabara.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa

Usiruke hatua hii. Katika hifadhi za taifa za Marekani hairuhusiwi kuokota hata pingili moja. Kwenye ardhi ya mtu, gonga mlango uombe. Pale Falls of the Ohio, ng'ambo ya mto kutoka Louisville, kuna sakafu nzima ya visukuku vya kipindi cha Devonia. Utatembea juu yake na kupiga picha upendavyo, lakini kwenye sakafu ile huokoti kitu.

Mahali ninapompeleka kila anayeanza ni Caesar Creek, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwangu. Bwawa la pale lina utoro wa maji, yaani njia pana iliyochongwa kwenye mwamba ili maji yakizidi yapate pa kupita. Uchongaji huo ndio uliofunua matabaka ya Ordovisia. Pitia kwanza kituo cha wageni cha wahandisi wa jeshi wanaosimamia bwawa, uchukue kibali na usomewe masharti. Ninayoyafuata ni haya: hakuna nyundo wala patasi, hakuna kupasua jiwe, unachochukua kienee kiganjani, na si cha kuuza. Nayapenda masharti haya, maana yanakulazimisha kutumia macho.

Walio Tanzania na Kenya, visukuku huko vinalindwa na sheria za mambo ya kale. Ukikiona, kiache mahali pake, upige picha na uwaarifu watu wa makumbusho.

Hatua ya 2: Chagua siku

Majira ya kuchipua yanashinda yote. Wakati wa baridi maji huingia kwenye nyufa, yakaganda, yakatanuka na kuupasua mwamba. Theluji ikiyeyuka na mvua ikaosha tope, vitu vipya vinakuwa vimelala juu. Basi nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, asubuhi au alasiri, jua likiwa chini. Mwanga wa ubavuni unaipa kila pingili kivuli chake, lakini saa sita mchana kila kitu kinaonekana bapa.

Utoroni hakuna mti wa kivuli, na mawe yanarudisha joto usoni. Beba maji ya kutosha, kofia, viatu vya kushika, kitu laini cha kupigia magoti, mifuko midogo ya plastiki, kalamu, na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Kaa mbali na kuta za mwamba, kwa sababu mawe hudondoka bila kutoa taarifa.

Hatua ya 3: Piga magoti, ukae hapo

Kosa ninaloliona kila mara ni watu kutembea. Anayetembea huona mawe makubwa tu. Chagua eneo la ukubwa wa mkeka mmoja, piga magoti, na usiondoke kwa dakika ishirini. Dakika tano za kwanza utaona kokoto. Baada ya hapo jicho linazoea, na ghafla unaona mduara, kisha mwingine, kisha kijiti chenye pete. Binti yangu alipokuwa na miaka sita alikuwa akiniacha mbali kwa kuokota, maana uso wake ulikuwa karibu na ardhi kuliko wangu.

Usitafute krinoidi mzima. Mnyama huyu alipokufa, nyama iliyoshikilia pingili ilioza upesi na mwili ukasambaratika, mawimbi yakamtawanya. Aliyebaki mzima ni yule aliyefukiwa ghafla na tope, pengine la dhoruba, akiwa hai au saa chache baada ya kufa.

Hatua ya 4: Jua ulichoshika

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, na hapa ndipo naomba usiwe na haraka.

Utoroni kuna vitu vingi vinavyofanana na shina la krinoidi. Kinachowadanganya wengi ni briozoa, makoloni ya wanyama wadogo mno, yenye umbo la vijiti au matawi. Weka lenzi: briozoa ana vitobo vidogo mwili mzima, kama vya sindano, na hana pingili. Matumbawe ya pembe yanachongoka upande mmoja, na mdomoni yana kuta nyembamba zinazotoka kati kwenda pembeni. Krinoidi ana pete zinazozunguka shina na tundu moja katikati.

Ukibaki na shaka, tafuta sehemu iliyovunjika uigeuzegeuze juani. Kila pingili ni fuwele moja ya madini ya kalsaiti, kwa hiyo inapovunjika hutoa uso laini ulioinama, unaomeka mara moja kama kioo. Mng'ao huo umenisaidia kuliko picha yoyote.

Sasa tazama umbo la pingili. Nyingi ni za mviringo. Lakini ukipata yenye pembe tano, karibu kama nyota, huenda umeshika Iocrinus, jina la kundi moja la krinoidi. Yenye pembe nne ni ya kushangilia, maana katika miamba hii shina la namna hiyo linaelekeza kwa Xenocrinus, kundi jingine la krinoidi. Watu hutupa pingili wakisubiri kichwa, yaani kikombe chenye mikono, kumbe pingili yenyewe imeshakutajia mwenyewe.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho karibu kila anayeanza hukiacha. Okota magamba ya brakiopodi, yale yanayofanana na chaza, yapo kwa maelfu. Geuza kila gamba, ukague mgongo wake. Siku moja utaona kisahani cha duara kilichogandamana na gamba, kipana kama punje ya dengu, na katikati kimebonyea kama kitovu. Wataalamu wa zamani walikiita Lichenocrinus, wakidhani ni krinoidi wa aina yake. Baadaye ikafahamika kwamba ni kitako cha krinoidi mchanga, mahali alipojishikiza ili ainuke. Kwangu hicho kina thamani kuliko shina refu: unaona hasa pale mnyama alipochagua kukaa.

Hatua ya 5: Safisha kwa upole

Mswaki mkuukuu na maji vinatosha. Ila kama jiwe limekaa kwenye udongo laini wenye matabaka, anza kwa brashi kavu, kwa kuwa udongo ule ukilowa hufumuka na kisukuku kikavunjika pamoja nao. Jaribu kona moja kwanza.

Usitumie siki. Kisukuku hiki na chokaa inayokishika ni madini yaleyale, na siki haichagui. Niliwahi kuloweka shina la sentimita nne usiku kucha, nikiwaza kwamba siki inayotoa ukoko mweupe wa birika itanitolea na uchafu. Asubuhi pete zote zilikuwa zimelika, limebaki kijiti laini. Bado ninalo, na bado linaniuma.

Hatua ya 6: Andika kabla hujasahau

Kila mfuko uwe na karatasi ndani: mahali, tarehe, uliokota juu ya tabaka gani au chini ya ukuta upi, na jina lako. Fanya hivyo papo hapo, usingoje kufika nyumbani. Nyumbani weka tone la rangi nyeupe ya kucha mahali pasipo na alama za maana, juu yake uandike namba kwa wino mweusi, na namba hiyo iingie daftarini. Trei za mayai zinahifadhi vizuri sana. Pingili isiyojulikana ilikotoka ni nzuri kuitazama, lakini haiwezi kumjibu mtu swali lolote.

Ukikutana na kichwa

Huenda ikatokea. Utaona bamba la jiwe, na juu yake kikombe kidogo chenye mikono iliyokunjwa kama ua lililofumba. Kama linaenea kiganjani, funga kwa karatasi laini, andika, nenda nalo. Likizidi kiganja, usijaribu kulivunja ulipunguze. Weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, piga picha kutoka pande zote, tia alama mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha rudi kituoni uwaambie wahudumu ulichokiona na wapi hasa.